Joto si Halijoto: Tarakilishi Inayopozwa kwa Maji na Mtihani wa Kiswahili cha Ufundi

Utangulizi

Katika makongamano ya Kiswahili swali moja halichoki kuulizwa: je, Kiswahili kinaweza kumudu sayansi na teknolojia? Aghalabu swali hili hujibiwa kwa orodha. Anayeshuku huorodhesha vifaa visivyo na majina. Anayetetea huorodhesha majina yaliyokwisha kubuniwa. Mmoja hutaja tarakilishi, wa pili ngamizi, wa tatu hushikilia kompyuta, na mjadala humalizika pale pale ulipoanzia. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zinatumia mizani isiyofaa. Lugha ya ufundi haipimwi kwa wingi wa nomino zake. Hupimwa kwa uwezo wake wa kumtoa mtu kwenye dalili ya hitilafu na kumfikisha kwenye kiini chake pasipo kumpoteza njiani.

Ili dai hili lisibaki hewani, makala yanachukua tatizo moja dogo lililo wazi: tarakilishi inayopozwa kwa maji ambayo kichakataji chake kinapata moto kupita kiasi. Tatizo hili limechaguliwa kwa sababu linahitaji kufikiri kwa utaratibu, na kwa sababu kosa la lugha linalofanyika mwanzoni mwake huishia kwenye mfuko wa mwenye mali.

Mfumo wenyewe na kazi yake

Kichakataji ni kipande kidogo cha silikoni kinachotumia umeme mwingi, na takribani umeme wote kinaotumia hugeuka kuwa joto. Kichakataji cha Intel aina ya Core i9-13900K, kilichotoka mwaka 2022, kimewekewa kiwango cha juu cha wati 253. Hizo ni zaidi ya wati zinazotumiwa na taa mbili za zamani za wati 100, na zote hutoka katika eneo lisilozidi kucha chache. Joto hilo lisipoondolewa, halijoto ya silikoni hupanda hadi kikomo, ambacho kwa vichakataji vingi vya siku hizi ni nyuzi 95 au 100 za Selsiasi. Hapo kichakataji hujipunguzia kasi ili kujinusuru. Hali ikizidi, tarakilishi hujizima.

Maji huingia katika habari hii kwa sababu ya uwezo wake mkubwa wa kubeba joto. Kuipasha lita moja ya maji kwa uzi mmoja wa Selsiasi huhitaji takribani jouli 4,180. Lita moja ya hewa ya pwani huhitaji jouli 1 na ushei tu. Kwa ujazo ule ule, basi, maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa. Wahandisi walilitambua jambo hili zamani. Tarakilishi kubwa ya IBM 3081, iliyotangazwa mwaka 1980, ilipozwa kwa maji. Mwaka 2004 kampuni ya Apple iliuza Power Mac G5 yenye mfumo wa kiowevu ndani yake, na baadhi ya mifumo hiyo baadaye ilivuja na kuharibu mashine. Mwaka 2024 kampuni ya Nvidia ilitangaza GB200 NVL72, kabati la vichakataji 72 vya michoro linalopozwa kwa kiowevu. Kwa hivyo, suala hili si mchezo wa vijana wapenda taa za rangi peke yao.

Mfumo wa mezani una sehemu chache. Bamba la shaba hukaa juu ya kichakataji, na kati yake hupakwa peisti ya joto, yaani mafuta mazito yanayojaza vinyweleo visivyoonekana ili hewa isibaki humo. Ndani ya bamba mna vifereji vyembamba ambamo maji hupita. Pampu huyasukuma maji hayo kupitia mirija hadi kwenye rejeta, na feni huipuliza rejeta. Kwa ufupi: maji hupoza kichakataji, rejeta hupoza maji, hewa hupoza rejeta. Anayetafuta hitilafu ana swali moja tu la kujiuliza: katika mnyororo huu, ni nini kisichopoza nini?

Maneno mawili, hasara moja

Hapa ndipo lugha inapoanza kudai haki yake. Katika mazungumzo ya kila siku husemwa kwamba "joto la kompyuta limepanda" au kwamba "joto ni digrii 95". Kauli hizi zinaeleweka, lakini zinachanganya mambo mawili ambayo Kiswahili sanifu kimekwisha kuyatenganisha. Joto ni nishati. Hupimwa kwa jouli, na kasi ya kutoka kwake hupimwa kwa wati. Halijoto ni kiwango cha umoto wa kitu. Hupimwa kwa nyuzi. Bahari ya Hindi ina joto jingi mno kuliko kikombe cha chai, ilhali halijoto ya chai iko juu.

Tofauti hii si ya kuwafurahisha walimu wa sarufi. Mtu anayesema "joto limepanda" huelekea kuamini kwamba kuna joto jingi kuliko awali, na dawa ya joto jingi ni kipozeo kikubwa. Hununua rejeta kubwa zaidi, huongeza feni, na pengine huambiwa kwamba kichakataji chenyewe kimeharibika. Mtu anayesema "halijoto imepanda" bado hajaamua lolote kuhusu kiasi cha joto. Analazimika kuuliza: joto ni lile lile la jana, mbona halijoto ni nyingine? Jibu la swali hilo karibu kila mara ni kwamba joto limezuiwa mahali fulani, na kazi iliyobaki ni kupatafuta mahali penyewe. Neno la kwanza humtuma mtu dukani. La pili humtuma kwenye mashine.

Ipo pia kauli ya tatu, kwamba tarakilishi "imechemka", iliyochukuliwa kutoka kwenye magari. Kauli hii nayo hupotosha. Maji ya injini ya gari hufanya kazi karibu na nyuzi 90, na hitilafu ikitokea huweza kuchemka kweli. Maji ya tarakilishi kwa kawaida hayafai kuzidi nyuzi 60, na mara nyingi hukaa chini sana ya hapo, hata pale silikoni inaposoma nyuzi 95. Anayeshika mrija, akauona uvuguvugu tu, akahitimisha kwamba mashine ni salama, amedanganywa na neno. Wahenga walinena kuwa maji ya moto hayachomi nyumba. Katika tarakilishi, hata maji baridi hayaizuii kuungua iwapo joto halijayafikia.

Kutoka dalili hadi kiini

Uchunguzi mzuri huanza kwa kuthibitisha kwamba kuna ugonjwa. Mwaka 2022 kampuni ya AMD ilipotoa vichakataji vya Ryzen 7000, ilieleza kwamba vimeundwa kufikia nyuzi 95 chini ya kazi nzito pasipo kudhurika. Nyuzi 95 kwenye kichakataji kama hicho kinapofanya kazi nzito huenda zisiwe hitilafu. Nyuzi 80 mashine ikiwa imetulia bila kazi ni hitilafu bila shaka. Hali kadhalika, halijoto ya chumba huongezwa juu ya kila kipimo. Mashine iliyokuwa ikisoma nyuzi 70 katika chumba cha nyuzi 20 itasoma karibu na nyuzi 80 katika chumba cha nyuzi 30, na hakuna kilichoharibika. Mashine inayohamishwa kutoka Limuru hadi Mombasa hukutana na hali hii. Inayopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi hupata chumba chenye ubaridi zaidi, lakini pia hewa nyepesi zaidi: katika mwinuko wa Nairobi, unaokaribia mita 1,800, uzito wa hewa hupungua kwa kati ya asilimia 15 na 20, hivyo feni ile ile kwa mizunguko ile ile husukuma hewa yenye uwezo mdogo wa kubeba joto.

Hatua ya pili ni kutazama mwendo wa kupanda badala ya kilele peke yake. Hapa hesabu nyepesi hufanya kazi kubwa. Nusu lita ya maji huhitaji takribani jouli 2,090 ili kupanda uzi mmoja. Kichakataji cha wati 250 hutoa jouli 250 kila sekunde. Kwa hiyo hata rejeta isingeondoa chochote, maji hayo yangehitaji sekunde 8 hivi kwa kila uzi, na zaidi ya dakika 5 kupanda nyuzi 40. Kutokana na hesabu hii, dalili hugawika katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kupanda kwa ghafla. Ni kweli kwamba kichakataji chenye afya pia huruka nyuzi kadhaa kazi inapoanza. Lakini kikigonga kikomo katika sekunde mbili tatu ilhali maji bado ni baridi, maji hayawezi kulaumiwa. Joto halijavuka kutoka silikoni hadi bambani. Cha kukagua ni mguso: peisti iliyokauka au isiyoenea, skurubu zilizokazwa upande mmoja na kulegea upande wa pili, vishikizo visivyo vya kichakataji hicho, au ile karatasi ya plastiki ya kiwandani ambayo msakinishaji alisahau kuibandua chini ya bamba.

Fungu la pili ni kupanda kwa muda wa sekunde makumi. Hapa joto huvuka hadi bambani, lakini maji yaliyo ndani ya bamba, ambayo ni kidogo sana, hayaondoki. Pampu imesimama au vifereji vimeziba. Kipimo chake ni mikono miwili na kalamu. Maji yakipita lita moja kwa dakika, wati 250 huyapasha chini ya nyuzi 4 tu, kwa hivyo mrija wa kwenda na mrija wa kurudi hukaribiana kwa umoto. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, maji hayatembei ipasavyo. Hapo hukaguliwa iwapo pampu inapata umeme, iwapo mizunguko yake inasomwa, na iwapo haikuunganishwa mahali pa feni ambapo ubao mkuu huipunguzia kasi kila mashine inapotulia. Sauti ya maji kububujika huashiria hewa. Mirija hupoteza maji kidogo kidogo kwa miaka, na hewa inayoingia hupanda juu. Pampu ikiwa ndiyo sehemu iliyo juu kabisa ya mzunguko, hewa hiyo hukusanyika ndani yake. Dawa ni kuigeuza rejeta ili sehemu ya juu iwe yake.

Fungu la tatu ni kupanda taratibu kwa dakika kumi au zaidi, maji nayo yakipata moto pamoja na kichakataji. Mguso ni mzuri na pampu ni nzima. Kinachoshindwa ni rejeta kuitoa hesabu nje. Vumbi limeziba mapezi yake, feni mbili zinapuliza zikipingana, au sanduku limefungwa kiasi kwamba rejeta inavuta hewa iliyokwisha pashwa na kadi ya michoro.

Lipo fungu la nne linalosahaulika, nalo halihusu kupoza hata kidogo. Baadhi ya mbao kuu huruhusu kichakataji kutumia wati nyingi kuliko alizopendekeza mtengenezaji wake, na huongeza volti kupita haja. Hapa ndipo joto lenyewe, si halijoto tu, limeongezeka. Anayejua tofauti ya maneno yale mawili atasoma wati kwanza, kisha nyuzi. Asiyejua atabadilisha peisti mara nne.

Inafaa kuongeza onyo. Uchunguzi wa mirija na bamba hufanywa mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa umeme, isipokuwa ule wa kugusa mrija kwa nje. Maji ya mfereji hayafai kuongezwa, kwani chumvi zake huganda vifereji. Rejeta ya alumini isiunganishwe na bamba la shaba katika mzunguko usio na dawa ya kuzuia kutu, kwa sababu metali hizo mbili ndani ya maji mamoja hulana, na mabaki yake huishia palepale penye vifereji vyembamba.

Lugha iliyokwisha fika gereji

Msomaji makini atakuwa ametambua kwamba maelezo yaliyotangulia hayakuhitaji istilahi mpya hata moja. Pampu, rejeta, feni, mrija, bamba, skurubu na vumbi ni maneno ambayo fundi wa matatu huyatumia kila siku. Fundi huyo amekuwa akichunguza mfumo unaopozwa kwa maji, kwa Kiswahili, tangu kabla ya wanafunzi wengi wa vyuo vya leo kuzaliwa. Tarakilishi ya aina hii ni binamu mdogo wa injini. Lugha ya kuizungumzia imekuwepo gereji. Ilichokosa ni mtu wa kuiandika kwa utaratibu na kuisahihisha pale inapoteleza, kama ilivyoteleza katika "kuchemka".

Aidha, uzito wa maelezo hayo haukubebwa na nomino bali na vitenzi. Kiswahili hutofautisha kupoa na kupoza kwa kuongeza sauti moja. Anayesikia "maji hayapoi" na "maji hayapozi" amepata taarifa mbili tofauti kabisa, ya kwanza ikimpeleka kwenye rejeta na ya pili kwenye bamba. Kauli ya kutendua nayo ni hazina ya fundi: kilichozibwa huzibuliwa, kilichofungwa hufunguliwa, kilichobandikwa hubanduliwa, kilichochomekwa huchomolewa. Hata kitenzi kutatua chenyewe ni utenduaji wa kutata. Kichakataji kinachojilinda "hujipunguzia kasi", na neno hilo moja la kwanza linaonyesha kwamba mtenda na mnufaika ni yule yule.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba maandishi kwenye skrini ni ya Kiingereza, hivyo fundi hana budi kufikiri kwa Kiingereza. Hoja hii ina chembe ya ukweli. Hata hivyo, tarakimu hazina lugha. Nyuzi 95 ni nyuzi 95. Tena, skrini si amri ya mbinguni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na hivyo kuonyesha kwamba kazi hiyo hufanyika pakiwa na nia.

Wengine watasema kwamba vitabu vya istilahi vipo tayari, tangu TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kwamba kilichobaki ni kuvisoma. Kazi hiyo inastahili heshima. Lakini kamusi hulipa neno tafsiri yake, hailitumi kazini. Istilahi ambayo haijawahi kumsaidia mtu kupata hitilafu haijafanyiwa mtihani, hata kama imechapishwa mara tatu.

Hoja nzito zaidi ni ya tatu: kwamba shule za Kenya hufundisha sayansi kwa Kiingereza, na anayejua kupima wati na jouli amejifunza kwa lugha hiyo, mbona ahangaike? Jibu ni kwamba anayefundishwa na anayetengeneza mara nyingi si mtu mmoja. Vijana wengi wa jua kali walijifunza kazi kwa kutazama na kusikiliza, na walichosikiliza kilikuwa Kiswahili. Kuwaachia Kiswahili kisichotofautisha joto na halijoto, huku tofauti hiyo ikihifadhiwa darasani kwa lugha nyingine, ni kuwanyima kifaa cha kazi. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa ya taifa na rasmi. Urasmi usiofika kwenye meza ya fundi ni wa hotuba tu.

Pendekezo

Idara za Kiswahili zina wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao kila mwaka huandika tasnifu kuhusu istilahi. Baadhi yao waombwe kuandika kitu kingine: mwongozo wa kurasa mbili wa kutafuta hitilafu moja katika kifaa kimoja, uliohakikiwa na mhandisi. Kisha mwongozo huo apewe fundi asiyemjua mwandishi, pamoja na mashine yenye hitilafu iliyopangwa. Akiipata kwa kuufuata, mwongozo umefaulu. Asipoipata, kila neno lililompoteza liwekewe alama na kujadiliwa na wahadhiri. Huo utakuwa utahini usiopendelea wala kuonea, na matokeo yake yatawafaa watu ambao hawajawahi kufungua jarida la lugha.

Hitimisho

Makala haya hayakudai kwamba Kiswahili hakina mapengo. Yamedai kwamba pengo kubwa haliko kwenye msamiati bali kwenye mazoea ya kuuacha msamiati tulivu rafuni. Neno halijoto lipo, limesanifiwa, na linafundishwa. Lakini anayelihitaji zaidi, yule aliyeinamia mashine akiwa na bisibisi mkononi na mteja akimsubiri, bado anasema joto, na mteja analipa bei ya rejeta mpya kwa hitilafu ya karatasi ya plastiki iliyosahaulika chini ya bamba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ni wa neno moja, na wenye chokaa ni wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.